Bibi alikuwa anasali

Nyumbani kwetu Al Khuwair, Ijumaa ilikuwa na misafara miwili. Wa kwanza ulikuwa wa Bibi. Saa mbili za asubuhi keshavaa gauni lake refu, kanga mbili juu yake, mkoba mweusi kwapani, yupo mlangoni anamwita baba: "Mwanangu, tutachelewa!" Baba anampeleka Ruwi, anamshusha kanisani, anarudi nyumbani kuoga na kuvaa dishdasha iliyopigwa pasi. Msafara wa pili ni wa wanaume, saa sita mchana, kwenda msikitini. Wakitoka huko baba anapitia tena Ruwi kumchukua mama yake, ambaye muda wote huo yuko na akina mama wa Kihindi wanakunywa chai ya maziwa na kuonyeshana picha za wajukuu. Ndiyo tunakula biriani.

Nilikuwa na miaka kama minane hivi nilipogundua kwamba nyumba za wenzangu hazina msafara wa kwanza.

Kwa wale mliokulia nje ya Ghuba, msishangae kanisa la Ijumaa. Hapa Omani siku za mapumziko zilikuwa Alhamisi na Ijumaa mpaka mwaka 2013, ndipo zikawa Ijumaa na Jumamosi. Jumapili ni siku ya kazi tu, kama Jumanne. Kwa hiyo makanisa mengi yaliweka ibada kubwa Ijumaa, watu wapate kuja. Bibi hakuipenda habari hiyo hata kidogo. Alikwenda Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ambayo baba hakuwa kazini, na Jumapili akajifungia chumbani na kitabu chake cha sala, akafanya ibada nyingine peke yake, "ile yenyewe."

Huko Ruwi makanisa yako kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani Qaboos, na ukiingia mle Ijumaa asubuhi utadhani uko uwanja wa ndege. Huku Kiingereza, kule Kimalayalam, chumba cha pili Kitamil, nje Wafilipino wanapanga magitaa. Kiswahili, kwa miaka yote ambayo Bibi alikwenda, hakukipata. Alikaa benchi la tatu kutoka mbele na Biblia yake ya Kiswahili iliyofungwa kwa kitambaa cha kanga, akamsikiliza mchungaji kwa Kiingereza alichokisoma zamani shuleni, na watu walipoanza kusoma kwa sauti yeye akasoma kwa Kiswahili, taratibu, akamaliza nyuma ya wenzake wote. Mara chache nilipokwenda naye nilikuwa nikiona haya. Sauti yake peke yake ikimalizia sentensi, kanisa zima limeshanyamaza.

Nimeandika haya kwa sababu ya kipindi chetu cha wale watoto 18 wa Maskati. Mlituma sauti nyingi sana, na wengi mliuliza swali moja: kwani walikuwepo Waswahili Wakristo huku? Kwenye kipindi nilijibu kwa ujumla, nikakwepa. Nilikuwa na jibu la nyumbani kwetu na sikulisema. Basi hili hapa.

Bibi alizaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1931. Mbweni mnaijua, wengi mmepiga picha za harusi pale kwenye magofu. Yale magofu yalikuwa shule. Wamisheni wa Kianglikana, wale waliojulikana kwa herufi zao UMCA, walinunua shamba Mbweni mwaka 1871, na kuanzia 1874 wakawaweka humo watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa. Wasichana walikuwa na shule yao, Mtakatifu Maria, na mwalimu mkuu wake kwa miaka mingi alikuwa mwanamke wa Kiingereza, Caroline Thackeray, aliyefika 1877 na hakurudi tena kwao kuishi. Amezikwa palepale Mbweni. Kanisa la Mtakatifu Yohana, lililokamilika 1882, bado linatumika.

Bibi yake Bibi, upande wa mama (nitamwita Bibi Mkuu, tusichanganyikiwe), alikuwa mmoja wa wasichana wale. Alikuwa Myao. Hilo ndilo pekee lililobaki la alikotoka: Myao. Kijiji, hapana. Jina la mama yake, hapana. Alichukuliwa mdogo mno. Alikumbuka kutembea, alikumbuka bahari kuwa kitu cha kutisha, na alikumbuka kwamba jahazi lilikuwa linaelekea kaskazini, kwa sababu jua la asubuhi liliwachoma upande wa mkono wa kulia, wamekaa wamebanana na hawawezi kugeuka.

Nitasimama kidogo hapa, maana mkono wa kulia ule una maana kubwa.

Shuleni tunafundishwa kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873. Ni kweli. Sayyid Barghash alitia saini mkataba tarehe 5 Juni 1873, na miezi miwili kabla yake, Aprili, Sultani Turki wa Maskati alikuwa ametia saini wake na mjumbe wa Uingereza, Bartle Frere. Sokoni pale Mkunazini ndipo lilipojengwa Kanisa Kuu la Kristo, kwenye kiwanja ambacho sehemu yake ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, na jiwe la msingi likawekwa siku ya Krismasi mwaka huohuo. Lakini mkataba ni karatasi. Biashara haikufa siku ile, iliingia usiku. Watoto walivushwa Pemba kwenye mashamba ya karafuu, na wengine walingoja upepo wa kusi, ule unaoanza Aprili, ambao ndio unaosukuma jahazi kutoka pwani yetu kwenda Arabuni. Kwenda Sur. Kwenda Batina. Kuja huku.

Waingereza walikuwa na meli yao HMS London imetia nanga Unguja tangu 1874 hadi 1883, na mashua zake ndizo zilizokuwa zikizunguka mkondo wa Pemba kupekua majahazi. Haikuwa kazi ya mchezo. Desemba 1881 nahodha wa meli hiyo, Charles Brownrigg, aliuawa karibu na Pemba alipokaribia jahazi lililopeperusha bendera ya Ufaransa. Hizo bendera ni mkasa mwingine. Manahodha wengi wa Sur walichukua vyeti na bendera za Kifaransa ili Mwingereza asiweze kuwapekua, na ugomvi huo haukuisha mpaka mahakama ya The Hague ilipotoa hukumu mwaka 1905. Ndiyo, Sur yetu hii tunayokwenda kula samaki wikiendi iliwahi kujadiliwa The Hague.

Jahazi la Bibi Mkuu lilikamatwa na moja ya mashua hizo. Yeye akapelekwa Mbweni, akabatizwa, akafundishwa kushona na kusoma, akaolewa na kijana wa shamba lilelile, akazaa. Lingepita, angeshuka huku. Angekuwa mtumishi kwenye nyumba fulani ya Sharqiya au mvuna tende Batina, na mimi nisingekuwepo, au ningekuwepo kwa njia nyingine.

Sasa tia akilini kwamba babu yangu, mume wa Bibi, watu wake ni wa Sharqiya. Alikuwa na duka Ng'ambo: mchele, mafuta ya taa, sabuni. Bibi alikuwa mwalimu wa shule ya misheni na alikuwa akinunua sabuni nyingi kuliko alizohitaji, hivyo ndivyo Babu alivyokuwa akituhadithia, na Bibi akikanusha. Walioana 1953 kwa kadhi. Sharia inamruhusu Mwislamu kumuoa Mkristo na mke akabaki na dini yake, na Babu alitimiza hilo kwa uungwana kamili: hakumlazimisha, na hakuruhusu mtu yeyote amseme mbele yake. Watoto wakawa Waislamu, sote ni Waislamu. Bibi alituamsha daku Ramadhani nzima, na hakuna aliyejua kupika uji wa tende kama yeye.

Babu hakuwahi kusema watu wake wa zamani majahazi yao yalipakia nini. Bibi naye hakuwahi kumuuliza mbele yetu.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliwatawanya kama yalivyowatawanya wenu. Hiyo hadithi mnayo nyumbani, siirudii. Babu alikaa Dubai kwa miaka, kwa sababu enzi za Sultani Said bin Taimur kuingia Omani hakukuwa rahisi hata kama ndiko kwa mababu zako. Baada ya Julai 1970 mlango ukafunguka, na wasomi na wenye duka na mafundi wa Unguja wakaitwa. Babu akaja Maskati 1972, Bibi na watoto wakafuata 1974. Bibi alishuka kwenye ndege kule Seeb akiwa na miaka 43, na neno la kwanza alilomwambia Babu, kwa mujibu wa Ami yangu aliyekuwepo, lilikuwa: "Basi nimefika. Bibi yangu walimzuia njiani, mimi nimefika."

Ami anasema Babu hakucheka.

Nilipokuwa mdogo niliona hiyo ni mizaha ya wazee. Sasa naona Bibi alikuwa hatanii. Alikuwa na namna ya kuishi na waliokufa kama watu walioko chumba cha pili. Hiyo kwake ndiyo ilikuwa dini. Mimi nimesoma chuo kikuu, nimesoma vitabu vya wamisheni, najua lawama zao zote na nyingine nakubaliana nazo: waliwapa watoto majina mapya, waliwaozesha kwa mpango, waliwafanya watumishi wa aina nyingine wakati mwingine. Lakini vitabu hivyo vinasimulia walichofundisha wamisheni. Havisemi sana wale watoto walikielewaje.

Bibi alinieleza alivyoelewa Bibi Mkuu, naye aliyapata mdomoni mwake, maana walilala chumba kimoja mpaka Bibi alipokuwa na miaka kumi. Alisema hivi: walipofundishwa habari ya ufufuo, kwamba wafu wote watasimama, wasichana wengine walifurahi kwa sababu ya mbingu. Bibi Mkuu hakujali mbingu. Alitaka kujua kitu kimoja tu, akamuuliza mwalimu: kama wote watasimama, na mama yangu atasimama? Akaambiwa ndiyo, wote. Akauliza: nitamjuaje, na uso wake nimeusahau? Mwalimu hakuwa na jibu. Jibu alipewa usiku na msichana mwenzake, mkubwa kidogo, waliolala mkeka mmoja: "Wewe umemsahau. Yeye hajakusahau. Yeye ndiye atakayekujua."

Basi. Hiyo ndiyo theolojia yote ya Mbweni niliyorithi. Bibi Mkuu alikufa nayo, akazikwa pale kwenye makaburi ya kanisa, na mwisho wake alikuwa akihangaikia ndonya: alikuwa hana, na wanawake wa kwao walikuwa nayo, na aliogopa mama yake atapita bila kumtambua. Wakamtuliza kwa maneno yaleyale ya mkekani.

Kuna jambo la lugha hapa ambalo nalipenda, na kwa kuwa wengi wetu Kiswahili chetu ni cha jikoni (changu kilikuwa hivyo mpaka nilipokaa na Bibi kwa makusudi), nitalisema. Wakristo husema uzima wa milele. Sisi kwa kawaida tunasema maisha ya akhera. Uzima ni ule ule wa "u mzima?" Unapomuamkia mtu asubuhi, "wazima nyinyi?" unamuuliza kama yuko kamili, hana kilichopungua. Kwa mtu aliyekatwa kutoka kwa mama yake akiwa na miaka sita, uzima wa milele haukuwa kuishi bila mwisho. Ulikuwa kuwa mzima tena. Edward Steere, yule askofu aliyefika Unguja 1864 na kufa 1882, aliyekusanya maneno na hadithi kwa wenyeji, alitafsiri kwa Kiswahili alichokisikia kwa Waislamu wa mjini. Ndiyo maana tuna imani, dhambi, malaika, shetani, kiyama, sala, yote tunagawana. Hata marehemu. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, aliyerehemewa, na Bibi alilitumia kwa wafu wake wote bila kuuliza dini ya mtu.

Sala nitairudia.

Wale watoto 18. Peter Zwemer alikuwa Mmarekani, mdogo wake Samuel Zwemer aliyeanzisha misheni ya Arabuni pamoja na James Cantine. Alifika Maskati mwishoni mwa 1893, enzi za Sultani Faisal bin Turki. Mwaka 1896 balozi wa Uingereza alimkabidhi watoto wa kiume 18 waliokamatwa kutoka kwenye biashara ya watumwa, watoto wa Afrika Mashariki. Hesabu: miaka 23 baada ya mikataba ile ya 1873, na bado majahazi yalikuwa yanafika huku na watoto. Zwemer akawafungulia shule nyumbani mwake. Watoto waliosema lugha za bara na Kiswahili, wakafundishwa na Mmarekani katika mji wa Kiarabu. Mwaka 1898 aliondoka akiwa mgonjwa, akafa New York Oktoba mwaka huo, akiwa na miaka 30. George Stone, aliyekuja kushika nafasi yake, akafa 1899 kule Birka (sasa tunaandika Barka), hata mwaka hajamaliza. Watoto wakatawanyika: kazi hapa, kazi pale.

Bibi alizisikia habari hizi kwa mchungaji mmoja, nadhani miaka ya 1980. Tangu hapo ikawa kila mgeni kutoka kanisani anamuuliza: wale watoto wako wapi? Wana kaburi? Hakupata jibu, ila akaelekezwa ghuba.

Upande wa Sidab kuna ghuba dogo lenye makaburi, limebanwa na majabali, na njia yake ni ya bahari tu. Humo ndimo alimozikwa Thomas Valpy French, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Lahore, akajiuzulu, akaja Maskati Februari 1891 akiwa mzee wa miaka 66, na joto likamuua Mei 14 mwaka huohuo. Stone amezikwa humo. Na mabaharia wengi wa Kiingereza, ambao baadhi yao walikuwa wakifanya kazi ileile ya kupekua majahazi. Mwaka 1998 Bibi akamwambia baba: nipeleke. Baba akakodi mashua ya mvuvi pale Sidab, na mimi nikachukuliwa kwa sababu nililia.

Nakumbuka mambo machache. Maji ya kijani. Mvuvi akitweka injini kabla ya kufika ili mashua iteleze yenyewe. Bibi akivua viatu na kutembea kwenye kokoto za moto bila kulalamika, miaka 67. Alipita kaburi moja moja. Mengine hayana maandishi, ni mawe tu yamepangwa. Kwa askofu alisimama kidogo, akaendelea. Kwenye yale yasiyo na jina alikaa chini. Baba akamwambia, mama, haijulikani kama hao watoto wako hapa. Akajibu: "Najua haijulikani. Na wao walikuwa hawajulikani wangali hai." Kisha akatoa ile Biblia kwenye kanga na kusoma kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayewasomea watoto barua ya nyumbani. Mvuvi, mzee wa Kiomani mwenye ndevu nyeupe, alikuwa amekaa mashuani. Bibi alipomaliza, mvuvi akasema amin. Baba anaapa alisema. Mimi nilikuwa natafuta makombe.

Njiani kurudi nikamuuliza kwa nini amewasomea watu asiowajua. Akaniambia walikuwa na mama zao, na mama zao wakiulizwa siku ile nani aliwasomea watoto wenu, lazima awepo wa kutajwa.

Alifariki 2014, Februari, hospitali moja hapa Maskati, moyo. Siku nne. Usiku wa mwisho zamu ilikuwa yangu, kwa sababu nilikuwa sijaolewa na ofisi yangu ilikuwa karibu. Kama saa tisa za usiku akaamka, akaanza kusema imani yake, ile ambayo Wakristo wanaisema wamesimama. Naijua kwa moyo. Nimelelewa na mwanamke aliyeisema kila Jumapili nyuma ya mlango wa mbao nyembamba, ningekosaje kuijua? Alikwama katikati. Akaanza upya. Akakwama palepale. Mara ya tatu nikataka kumsaidia neno, nikaogopa, sijui niliogopa nini, na akalipata mwenyewe. Alifika mpaka mwisho, kwenye ufufuo na ule uzima. Kisha akaniuliza kama nimekula. Alfajiri hakuwepo.

Asubuhi familia ikajaa ukumbini. Ami akaniita pembeni. Ami ni mkubwa wa baba, ndiye aliyeshuka naye kwenye ndege 1974, na alimpenda mama yake kupita maelezo. Macho mekundu. Akaniuliza: "Alisema nini mwisho?" Nilijua anauliza nini. Alikuwa anataka kusikia kwamba alitamka shahada, ili azikwe karibu na Babu, ili awe na uhakika naye. Miaka yote alikuwa ameliombea hilo.

Nikamwambia: "Alikuwa anasali."

Ninyi mnaojua Kiswahili cha Unguja mmeshaona nilichofanya. Kusali ni neno la watu wote. Mwislamu anasali, Mkristo anasali. Sikusema uongo. Nilimpa neno lenye milango miwili nikamwacha achague wa kuingilia, na Ami akachagua. Akalia, akasema alhamdulillah, akaenda kuwaambia wengine.

Ilibidi baba ndiye aubebe ukweli. Bibi alikuwa amemwachia bahasha tangu 2009: jina la mchungaji, kitabu cha sala kimetiwa alama kwenye kurasa za maziko, na sentensi moja kwa mwandiko wake wa ualimu, kwamba anataka azikwe na Wakristo wenzake na asigombaniwe. Baba aliisoma mbele ya kaka yake. Ami alitoka nje, na maziko hakuja. Alifikiri baba ndiye anayemnyang'anya mama. Kwa miezi karibu minane hawakusemezana vizuri, na chanzo ni neno langu moja, na baba hakulijua.

Tulimzika jioni kwenye makaburi ya Wakristo. Nilikwenda, ingawa kwetu wanawake hatuendi makaburini kuzika. Nilijiambia maziko haya si ya kwetu kwa hiyo sheria si ya kwetu. Walikuwepo akina mama wa Kihindi wa chai ya maziwa, wote, na sari nyeupe. Mchungaji alisoma kwa Kiingereza. Halafu akageuka akauliza kama kuna wa familia anayeweza kusoma kwa Kiswahili, marehemu alikuwa ameomba. Baba akanitazama. Nikasoma. Nilisoma vibaya, nikipotea mistari, nikamaliza nyuma ya kila mtu.

Nimekuwa nikifikiria hilo kwa miaka. Mimi siamini alivyoamini Bibi. Nina imani yangu na nimeridhika nayo, na sitaki msomaji yeyote adhani nauza kitu hapa. Lakini wanaotaka kumsahihisha baada ya kufa, kwa mapenzi kabisa, wanamfanyia kile alichofanyiwa bibi yake: wanamvalisha jina jipya na kumwambia hili ndilo lako. Nami nilishiriki, kwa neno moja, kwa sababu nilikuwa na usingizi na nilimwonea Ami huruma. Tunapenda kusema sisi Wazinjibari tumechanganyika, bahari imetuchanganya, tunaweka picha za milango ya Unguja kwenye kuta zetu. Ila ukimkuta mtu mmoja ndani ya nyumba aliyechanganyika kweli, mwenye dini yake na wafu wake na meli yake, tunaanza kumsawazisha.

Baada ya kipindi cha watoto 18 kutoka, Ami alinipigia simu. Sasa ana miaka 70 na kidogo. Anasikiliza kila kipindi, huwa analalamika tu kwamba tunasema haraka. Aliniuliza kwa nini sikumtaja mama yake. Nikamwambia nije nimweleze. Nilikwenda nyumbani kwake Mawaleh, tukakaa barazani, kahawa, halua, na nikamwambia saa tisa za usiku zile zote, kukwama, kuanza upya, mpaka mwisho, na swali la kama nimekula.

Alinyamaza muda mrefu. Akauliza: "Alisema kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili, Ami."

"Na hakukosea?"

"Mara mbili. Ya tatu hakukosea."

Akamimina kahawa, kikombe chake, changu. Akatazama barabarani. Halafu akaniuliza lile lango la makaburini jioni linafungwa saa ngapi.